Unataka kupiga blues ukiwa Kigoma? Anzia hapa

Gita la umeme sio lazima wadau, la kawaida linatosha kuanzia, ila funga nyuzi nyepesi, seti ya namba 10 au hata 9 (namba ndogo ndo uzi mwembamba), maana blues, muziki wa Wamarekani weusi, kazi yake kubwa ni kuvuta uzi, yaani kuusukuma pembeni ili sauti ipande, ukifunga nzito vidole vitakoma. Shika kwanza mzunguko wa ba 12 kwenye A (ba moja ni mapigo manne, na A, D, E ni kodi za gita): ba nne A, mbili D, mbili A, moja E, moja D, mbili za mwisho A. Rudia mpaka uache kuhesabu.

Kuvuta uzi sasa, hapa ndo penyewe. Kidole cha pete kibonyeze uzi wa tatu (hesabu kuanzia ule mwembamba) freti ya 7 (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gita), cha kati na cha shahada vikae nyuma yake kusaidia, nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono, sukuma mpaka sauti ilingane na freti ya 9. Wengi wanaishia njiani halafu wanasingizia gita.

Hela je? Blues peke yake hapa Mwanga au Ujiji haikulishi, tusidanganyane. Ingia bendi ya dansi, piga rumba, blues ipenyeze kwenye solo. B.B. King mwenyewe, gwiji wa blues wa Marekani, alikuwa anatangaza redioni mjini Memphis kabla hajawa mkubwa. Ukiitwa harusini chukua advansi mapema, na mkubaliane nani analipia usafiri wa spika, maana hapo ndo ugomvi unapoanziaga.