Somo: Njia ya kufikia uhadhiri wa sayansi za usikivu na usemi katika vyuo vikuu vya Marekani

Ndugu wanachama,

Tangu nilipotaja kwamba nimewahi kukaa katika kamati za kuajiri wahadhiri wa fani hii, nimepokea maswali mengi, na karibu yote yanahusu namna ya kuandika barua ya maombi. Barua ni jambo la mwisho. Mara nyingi kinachoamua kama jina la mtu litaingia katika orodha fupi ni uamuzi alioufanya miaka sita au saba kabla, siku alipochagua shahada ya kusomea. Nitaanza huko, na huko ndiko nitakakokaa kwa muda mrefu zaidi.

Hatua ya kwanza: Jua ni nafasi ya aina gani unayoitaka

Idara nyingi za fani hii zina wahadhiri wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni la maprofesa walio katika njia ya ajira ya kudumu, ambao huanza kama profesa msaidizi, wakapanda kuwa profesa mshiriki, kisha profesa kamili, na ambao hupimwa kwanza kwa utafiti wao. Kundi la pili ni la wahadhiri wa kliniki, wanaosimamia wanafunzi wanapowahudumia watu wenye kigugumizi, waliopata kiharusi wakapoteza lugha, watoto waliochelewa kusema au wazee waliopungukiwa na usikivu. Hawa wa pili huajiriwa kwa mikataba inayohuishwa, na hawadaiwi machapisho kwa ukali uleule. Hakuna kundi lililo bora kuliko lingine, lakini ngazi zake ni mbili tofauti, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine katikati ya safari ni kazi ngumu.

Angalia pia idara imekaa wapi ndani ya chuo. Katika Chuo Kikuu cha Maryland iko chini ya kitivo cha sayansi za jamii na tabia. Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt iko chini ya shule ya tiba. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, ambako Lee Edward Travis alipata uzamivu wake mwaka 1924 na kuanza kuijenga fani hii, iko chini ya kitivo cha sanaa na sayansi. Tofauti hiyo inagusa mshahara moja kwa moja, kwa sababu vitivo vya kawaida aghalabu hulipa kwa mkataba wa miezi 9, ilhali katika shule za tiba mhadhiri anaweza kutakiwa ajitafutie sehemu ya mshahara wake kutoka katika ruzuku za utafiti.

Hatua ya pili: Chagua shahada kwa kuangalia kazi, usidanganywe na jina la shahada

Hapa ndipo wenzetu wengi hukwama. Tangu mwaka 2012, mtu anayeomba kwa mara ya kwanza cheti cha audiolojia (taaluma ya kupima usikivu na kuwahudumia wenye matatizo yake) cha ASHA, yaani Chama cha Marekani cha Usemi, Lugha na Usikivu kilichoanzishwa mwaka 1925, hana budi awe na shahada ya udaktari. Ndiyo maana wanafunzi wa audiolojia husoma Au.D., udaktari wa audiolojia, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4 baada ya shahada ya kwanza. Mtu huhitimu, akaitwa daktari, akaamini kwamba mlango wa uprofesa uko wazi, kumbe shahada hiyo iliundwa kwa ajili ya kliniki. Haina tasnifu ya uzamivu, na kamati inayotafuta profesa wa utafiti itaiweka kando hata kama mwombaji ni hodari kuliko sisi sote katika kupima masikio.

Kwa upande wa usemi na lugha mkanganyiko ni mdogo, kwa sababu shahada ya kliniki ni ya uzamili, na kila mtu anaelewa kwamba uzamivu huja baadaye. Anayetaka njia ya ajira ya kudumu asome PhD, ambayo huchukua miaka 4 au 5 na mara nyingi hulipiwa na chuo: mwanafunzi husamehewa ada na kupewa posho kwa kufanya kazi ya utafiti au ya kufundisha. Shahada za kliniki, kinyume chake, wengi hujilipia wenyewe au huzikopea. Ninashangaa kuona watu wakiikimbia PhD kwa kuogopa gharama, kisha wakaingia katika deni la shahada isiyowafikisha walikotaka kwenda.

Unapotafuta nafasi ya PhD, tafuta msimamizi kabla ya kutafuta chuo. Soma makala zake mbili au tatu, kisha umwandikie barua pepe fupi inayoonyesha kwamba umezisoma kweli.

Hatua ya tatu: Jenga swali la utafiti ambalo ni lako

Sisi tuliolelewa katika Kiswahili tuna mali ambayo tunaikalia bila kuijua. Chukua upimaji wa usikivu kwa maneno. Ili kupata kiwango cha chini kabisa cha sauti ambacho mtu anaweza kukitambua, wapimaji wa Marekani hutumia maneno ya silabi mbili zenye mkazo sawa, kama vile “baseball” na “hotdog”. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo maneno ya namna hiyo hatunayo. Ili kupima jinsi mtu anavyoyatofautisha maneno, wao hutumia orodha kama ile ya NU-6, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern na kuchapishwa mwaka 1966, ambayo maneno yake ni ya silabi moja yanayoanza kwa konsonanti na kuishia kwa konsonanti. Maneno yetu ya asili huishia kwa irabu. Ukitaka kuitafsiri orodha hiyo, huna pa kuanzia. Inabidi uunde kipimo kipya, uamue kama ‘mbu’ ni silabi moja au mbili (ni mbili, tofauti na ‘mbu’ ya ‘mbuzi’), uchunguze ni maneno gani yanayofahamika sawasawa Lamu na Tabora, kisha ukijaribu kwa watu wenye usikivu mzima na wasio nao. Hiyo ni kazi ya miaka, na inaweza kuwa tasnifu kamili.

Au tazama lugha ya watoto. Vipimo vya Kiingereza huchunguza kama mtoto anaweka alama ya wakati uliopita na ya wingi. Katika Kiswahili jambo la kupimwa ni upatanisho wa ngeli na mpangilio wa viambishi ndani ya kitenzi. Lakini mtoto wa Nairobi anayesema “kitabu yangu” hana ugonjwa wowote; anasema Kiswahili anachokisikia nyumbani na mtaani. Mtafiti atakayeonyesha kwa data wapi lahaja inaishia na wapi tatizo la lugha linaanzia atasomwa pia na wanaofanya kazi na watoto wa wahamiaji huko Minneapolis na Columbus.

Tahadhari moja tu: usijifungie ndani ya Kiswahili. Swali liandikwe hivi kwamba jibu lake liwafundishe hata wasioijua lugha hii jambo fulani kuhusu usikivu au lugha kwa jumla. Kamati huuliza hivyo waziwazi.

Hatua ya nne: Amua kuhusu cheti cha kliniki mapema

Mhadhiri anayefundisha akustika ya usemi, anatomia au sayansi ya usikivu anaweza kuajiriwa bila cheti. Hata hivyo, bila cheti cha ASHA huwezi kusimamia saa za kliniki ambazo wanafunzi wanazihitaji ili nao wapate chao, na idara ndogo hupenda mtu anayeweza kufanya yote mawili. Kwa upande wa usemi na lugha, cheti kinadai saa 400 za mazoezi ya kliniki wakati wa masomo, mtihani wa taifa, na kipindi cha kazi chini ya uangalizi kisichopungua wiki 36 na saa 1,260. Anayeanza PhD bila kuyamaliza haya huona taabu kuyarudia baadaye.

Hatua ya tano: Machapisho na fedha za utafiti

Mfadhili mkuu ni Taasisi ya Taifa ya Uziwi na Matatizo Mengine ya Mawasiliano, NIDCD, iliyoundwa mwaka 1988. Ruzuku ya F31 kwa wanafunzi wa uzamivu hutolewa kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu peke yao. K99/R00, inayomvusha mtafiti kutoka mafunzo ya baada ya uzamivu hadi uprofesa, ipo wazi hata kwa asiye raia. Katika sayansi ya usikivu, miaka miwili hivi ya mafunzo hayo imekuwa karibu ni desturi.

Hatua ya sita: Msimu wa maombi na siku za usaili

Matangazo huanza kutoka Agosti na Septemba, maombi hupokelewa hadi karibu Desemba, na wanaoalikwa chuoni huenda kati ya Januari na Machi, ili kazi ianze Agosti. Utatakiwa upeleke barua, wasifu, maelezo ya utafiti, maelezo ya ufundishaji, na majina ya watu watatu watakaokuandikia.

Usaili wenyewe huchukua siku moja na nusu au mbili, na kitovu chake ni mhadhara wa utafiti. Katika mhadhara wangu wa kwanza nilipitiliza muda kwa dakika kumi na mbili, kwa kuwa nilidhani wingi wa matokeo ndio utakaowavutia. Sikupigiwa simu tena, na nilistahili. Andaa dakika 40, acha nafasi ya maswali, na utumie theluthi ya mwisho kueleza utakachofanya katika miaka 5 ijayo. Chakula cha jioni pamoja na wenyeji nacho ni sehemu ya usaili, ingawa hakuna atakayekuambia.

Hatua ya saba: Mapatano

Kabla hujatia saini, omba kwa maandishi fedha za kuanzishia maabara, chumba kisichopitisha sauti, na kupunguziwa vipindi mwaka wa kwanza. Chumba hicho peke yake hugharimu maelfu ya dola, na ukikisahau sasa, kukipata baadaye ni bahati nasibu. Kisha hesabu inaanza: kwa kawaida uamuzi wa kukupa au kukunyima ajira ya kudumu hufanywa mwaka wa 6, kwa kufuata desturi iliyotokana na tamko la mwaka 1940 la AAUP, chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani, linaloweka ukomo wa miaka 7 ya majaribio. Anayekataliwa hupewa mwaka mmoja wa mwisho wa kutafuta kazi kwingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa shule ya viziwi, Kisumu: Shikamoo Profesa. Shahada yangu ya kwanza ni ya elimu maalumu. Je, nitakubaliwa katika PhD ya fani hii bila shahada ya audiolojia?

Jibu: Marahaba. Inawezekana, kwa sababu programu za PhD hupokea watu wa saikolojia, isimu, uhandisi na elimu, ingawa utaombwa ufidie masomo kadhaa ya msingi. Miaka yako na wanafunzi viziwi ieleze kama chanzo cha swali la utafiti; ukiieleza kama huduma tu, msomaji wa maombi hatajua aiweke wapi.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Au.D., Minnesota: Nimeshachelewa?

Jibu: Hujachelewa, dada. Vyuo kadhaa vina mpango wa kuunganisha Au.D. na PhD, na hata kama chako hakina, unaweza kuanza PhD baada ya kuhitimu. Utakuwa na cheti na uzamivu, na wenye vyote viwili ni wachache. Kama lengo lako ni kusimamia kliniki ya chuo, basi Au.D. inakutosha, hakikisha tu umefikisha miezi 9 ya kazi baada ya kupata cheti na saa 2 za mafunzo ya usimamizi, kwa maana ASHA inazidai.

Mhitimu wa isimu, Dodoma: Nina nafasi ya kuja kwa ufadhili wa Fulbright. Kuna kasoro yoyote?

Jibu: Si kasoro, ila ujue sharti lake. Viza ya J-1 ya ufadhili huo hukutaka urudi nyumbani kwa miaka 2 kabla ya kuomba viza ya kazi ya H-1B au ukaazi wa kudumu. Anayetaka kuajiriwa Marekani mara tu baada ya tasnifu hujikuta amefungwa. Kwa anayekusudia kurudi, sharti hilo halimpunguzii kitu.

Muuguzi, Mwanza: Na huko nyumbani, kuna mahali pa kufundisha?

Jibu: Papo, ingawa ni pachache. Makerere ilianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya kwanza ya audiolojia na tiba ya usemi. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, na kila mtoto aliyepandikizwa anahitaji miaka ya kufundishwa kusikia na kusema, kazi isiyofanyika bila wataalamu, na wataalamu hao lazima wafundishwe na mtu. Vyeo huko vinafuata mfumo wa mhadhiri msaidizi, mhadhiri na mhadhiri mwandamizi, kwa hiyo wasifu wako uupange upya kabla ya kuutuma.