Kuweka kitambulisho cha ruta kwenye MPLS
Usiiachie ruta ya Cisco ijichagulie kitambulisho cha LDP, itifaki inayogawa lebo za MPLS (alama zinazoelekeza pakiti). Itachukua anwani kubwa zaidi ya loopback (intafesi ya kimantiki, isiyotegemea kebo). Kama hakuna, itachukua anwani kubwa zaidi kati ya intafesi zinazofanya kazi, na intafesi hiyo ikikatika vikao vyote vya LDP na ruta jirani vinaanguka.

Tengeneza Loopback0 yenye 10.0.0.1/32, itangaze kwenye OSPF (itifaki ya kutangaza njia), kisha:

mpls ldp router-id Loopback0 force

Weka /32, si /24: OSPF huitangaza loopback kama /32 hata hivyo, na lebo hazitalingana. Bila force, badiliko husubiri intafesi ya sasa izimike. Ukiweka force, vikao hukatika papo hapo, basi fanya usiku.

Kagua kwa show mpls ldp discovery. Ikitokea "no route", jirani anasikika lakini anwani yake haifikiki. TCP 646, bandari ya vikao vya LDP, haitaunganika.