Jinsi ya kupiga kura ya uhuru na kuandika katiba bila kuruka hatua

Wengi wakisikia kura ya maoni ya uhuru wanaona ile siku tu, foleni, wino kidoleni, matokeo, bendera juu. Mi naona siku ya kura ndo sehemu rahisi kuliko zote, kazi iko kabla na baada.

Anza na hili ambalo wanaharakati hawapendi kulisikia: mnapiga kura kwa makubaliano na nani? Sudan Kusini walikuwa na mkataba wa amani wa 2005 ulioandika kabisa kwamba kura itakuja, Scotland waliwekeana saini na serikali ya Uingereza 2012 ndo wakapiga 2014, Timor Mashariki 1999 kura ilisimamiwa na Umoja wa Mataifa. Sasa angalia Catalonia, jimbo la Hispania, 2017, mahakama ya katiba ya nchi ilishapiga stop, wao wakaendelea tu, kura ya ndiyo ikapata asilimia 90 lakini wengi wa hapana hawakutokea kabisa, na nchi haikupatikana. Kurdistan ya Iraq mwaka huohuo, ndiyo asilimia 92, na wiki chache baadaye wakapoteza Kirkuk, mji wa mafuta waliokuwa wanaushikilia. Kwa hiyo fulana za kampeni zisubiri kwanza.

Mkishapata makubaliano hayo mezani, andikeni nani anapiga kura. Hapa watu hupaona padogo kumbe ndo panapoua mchakato. Abyei, eneo la mpakani linalogombaniwa na Sudan na Sudan Kusini, ilitakiwa ipige kura yake Januari 2011 sambamba na Sudan Kusini, haikufanyika, manake hawakuelewana kama Wamisseriya, wafugaji wa kutoka kaskazini wanaoingia na mifugo yao kwa msimu wahesabiwe wakazi au la. Scotland wao waliruhusu wa miaka 16, ila Mskoti anayeishi nje, hata kama kazaliwa pale, hana kura. Eritrea 1993 walioko nje walipiga. Hakuna jibu moja sahihi, ila liandikwe kabla daftari halijafunguliwa.

Kizingiti, yaani kiwango cha kura kinachotosha kushinda, pia kiwekwe mapema, kabla mtu hajajua nani anaongoza. Montenegro 2006 walikubali kwamba ndiyo ifike asilimia 55, ikafika 55.5, yaani wamevuka kwa kura elfu mbili na kitu, lakini sheria ilikuwa ya wote basi waliobaki wakameza. Sudan Kusini walidai pia asilimia 60 ya waliojiandikisha wajitokeze.

Afu swali. Hapa ntakaa kidogo. Serikali ya Scotland ilileta swali la kwanza linaloanza na "je, unakubali kwamba Scotland iwe nchi huru", tume ya uchaguzi ikalijaribisha kwa watu wa kawaida ikaona hilo "unakubali" linamsukuma mtu kwenye ndiyo, likakatwa, ikabaki kuulizwa tu kama Scotland iwe nchi huru. Neno moja hilo! Quebec 1995 walifanya kinyume, waliuliza kama unakubali Quebec ijitawale baada ya kuipa Kanada ofa rasmi ya ushirikiano mpya wa uchumi na siasa kwa mujibu wa muswada fulani na makubaliano ya tarehe 12 Juni, hebu vuta pumzi. Hapana ikashinda kwa asilimia 50.58 na ubishi wa swali lile lilikuwa na maana gani haukuisha. Sudan Kusini karatasi ilikuwa na picha mbili, mkono mmoja umeinuliwa ni kujitenga, mikono miwili imeshikana ni umoja, hata asiyejua kusoma anaelewa. Kipimo changu ni hiki: msomee swali mara moja mtu asiyefuatilia siasa, akisema "hebu rudia", lichaneni muanze upya.

Katiba msiisubirishe mpaka baada ya sherehe. Mnahitaji ya mpito siku ileile ya uhuru, na iwe na tarehe ya kufa. Sudan Kusini walianza na ya mpito 9 Julai 2011, miaka zaidi ya kumi ikapita bado wanaikarabati ileile. Timor Mashariki walichagua bunge la katiba la watu 88 mwaka 2001 na katiba ikaanza kazi 20 Mei 2002, siku ya uhuru yenyewe, safi, ila bunge lile lile likajigeuza kuwa bunge la kawaida na wengi walinung'unika. Mi ningewazuia wanaoandika katiba kujipa viti vyake.

Kwenye kuandika, chukueni mfano wa Wakenya. Rasimu ya 2005 ilianguka, ndizi, alama ya ndiyo, ikapigwa na chungwa, alama ya hapana. Waliporudi, kamati ya wataalamu ilianza kwa kutenga yale yenye ubishi tu, yakatoka matatu: mfumo wa serikali, ugatuzi, na namna ya kuingia kwenye katiba mpya. Mengine yalihesabiwa yameshakubaliwa. Agosti 2010 ikapita kwa asilimia 67. Chile wao 2022 walipeleka rasimu yenye ibara 388, kila mtu akakuta yake ya kuchukia, asilimia 62 wakasema hapana.

Na rasimu ikitoka anza kusoma nyuma, kwenye jedwali la mpito, sio kwenye haki za binadamu mbele kule ambako kila katiba ni tamu. Eritrea waliridhia katiba 1997 na haikuwahi kutekelezwa. Kenya waliweka jedwali la sheria za kutungwa na muda wa kila moja, bunge likizembea raia yeyote anaenda Mahakama Kuu, amri ikipuuzwa Jaji Mkuu anamshauri rais alivunje. Kifungu cha hivo kipiganieni mapema, maana bunge likishakaa hakuna mbunge atakayekuandikia.