Nguzo Mpya Irudi Kwenye Shimo Lile Lile

Kila mwaka masika yakikaribia huku kaskazini mwa Tanzania naitwa nikaone mahindi yaliyoliwa na ng'ombe, na nikifika nakuta kesi si ng'ombe tena. Kesi ni nguzo. Uzio wa mpakani ulilala, jirani mmoja akaamka alfajiri na sululu akausimamisha peke yake, mwenzake akaja kuuona jioni. Mahindi yanasahaulika, watu wanaanza kuhesabu hatua.

Kukaza seng'enge mnajua, siwafundishi. Ninachogombeza ni hiki: nguzo ya zamani ikioza, kisiki chake hubaki shimoni, na mkulima kwa uvivu wa kukitoa anachimba shimo jingine pembeni. Pembeni upande gani? Sijawahi kukuta limechimbwa upande wa mchimbaji.

Kusogea sentimita 30 mnakuona kudogo. Kwenye mpaka wa mita 100 hizo ni mita za mraba 30. Ukirudia mara tatu zinakuwa sentimita 90, na mistari ya mahindi tunaipanda kwa sentimita 75. Umeshamlia jirani mstari mzima, na kwa nafasi ya sentimita 30 kati ya shina na shina, hayo ni mashina zaidi ya 330. Halafu unashangaa mama wa watu akikupandishia sauti.

Kabla hujang'oa chochote, mfuate jirani. Kama amekuzidi umri usimtumie mtoto wala ujumbe wa simu; nenda mwenyewe, piga hodi, "Shikamoo mzee, uzio wetu umelala, kesho saa moja asubuhi tuuangalie." Sema uzio wetu, hata kama nguzo ulinunua wewe. Mwombeni mwenyekiti wa kitongoji awepo. Vuteni kamba ya manila kutoka bikoni hadi bikoni, yaani zile alama za mpaka za mpimaji. Pasipo bikoni, kutoka sale hadi sale, ule mmea wa mpaka uliopandwa na wazee. Kamba ndefu hupindishwa na upepo, kwa hiyo pigeni vigingi kila mita 20. Nguzo za zamani, hata zilizooza, zisiguswe mpaka kamba imekazwa na wote wawili mmeikubali, maana ndizo ushahidi wenu. Bikoni iliyong'oka msiirudishe wenyewe. Kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai, mwiteni mpimaji.

Sasa kisiki. Jioni mwagia shimo ndoo mbili za maji, asubuhi chokoa kwa mtaimbo upande mmoja tu, tia kitanzi cha kamba, mvute wawili. Kikigoma kabisa, sogeza nguzo sentimita 30 mbele au nyuma JUU YA MSTARI WA KAMBA. Si kushoto, si kulia. Nimelisema hili mikutanoni mpaka sauti imekauka.

Nguzo ya mita 2.1 iingie ardhini sentimita 60, za kona sentimita 90, basi hizo zikatwe ndefu zaidi. Oili chafu mnapaka vibaya: mnaishia usawa wa udongo, na nguzo huoza hapo hapo udongo unapokutana na hewa. Paka mpaka sentimita 75 kutoka chini, za kona sentimita 105, na mti uwe mkavu. Rudishia udongo kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe kabla ya kuongeza nyingine. Ukiisukuma kwa bega isitikisike, imekaa.

Gharama ndiyo inayowafanya mkwepane. Uzio uliochakaa wenyewe, nusu kwa nusu. Uliovunjwa na ng'ombe wako au tawi la mgrevilea wako, pengo hilo ni lako. Hesabuni pamoja, kwa pengo halisi: mita 18, nguzo za mwisho zote mbili zimesimama, nafasi mita 3, mnahitaji nguzo 5. Seng'enge mistari mitano ni mita 90, ongezeni nusu mita kila mwisho wa kila mstari, inakuwa 95. Nunueni siku moja, dukani pamoja. Ule mtindo wa "wewe lete nguzo, mimi nilete waya" nimeuona ukiishia kwa mikaratusi mibichi iliyokatwa jana.

Kazi hii ni ya Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Aprili tope linalegeza nguzo na mahindi yako tayari yanatamaniwa. Miiba ya kuziba pengo ivumiliwe siku saba, si msimu.

Wanaotaka uzio hai wasubiri mvua za kwanza. Michongoma mkiipanda kwa pamoja ikae juu ya mstari. Ukiipanda peke yako ingia ndani kwako nusu mita, maana itanenepa. Minyaa mkiikata, utomvu usiingie machoni, watoto wakae mbali.

Mkimaliza andikeni nakala mbili: urefu wa pengo, idadi ya nguzo, nani katoa shilingi ngapi, tarehe, sahihi zenu na ya mwenyekiti. Mkishindwana kabla ya hapo, liko Baraza la Ardhi la Kijiji, lipo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: watu saba, wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kuwasuluhisha. Nendeni shimo likiwa bado wazi, kamba ikiwa bado imevutwa, ili wajumbe wakija waone mstari wenyewe badala ya kusikiliza hadithi mbili.