Taa ya cheki injini imewaka? Soma namba kwanza, spea baadaye

Jamani taa ikiwaka angalia kwanza inawakaje. Kama imetulia tu na gari inavuta kama kawaida, nenda taratibu, ukipata nafasi kapime. Ila kama inawaka na kuzima huku gari inatetemeka, hapo injini inamisi, yaani kuna silinda haichomi petroli vizuri, paki pembeni, maana petroli ambayo haijaungua inaenda kuungulia kwenye masega (kile kisafisha moshi cha kwenye bomba la ekzosi) na masega yakishaharibika ni hela nyingine kabisa. Taa nyekundu ya oili yenyewe haina mjadala, zima gari hapohapo.

Taa ikiwaka kompyuta ya gari inatunza namba ya kosa, na soketi ya kuisomea iko chini ya dashibodi upande wa dereva, ina matundu 16. Vile vimashine vya bluetooth vya kuunga na simu vinasaidia sana, ila gari nyingi za Japan za kabla ya 2008 vinagoma kuzisoma, kwahiyo tafuta fundi umeme mwenye mashine inayosoma gari za Kijapani. Na mwambie ASIFUTE kitu mpaka uipige picha ile namba. Mimi nilifutiwa nikalipa nikaondoka nafurahi, sijafika hata Ubungo taa hiyo imerudi, na namba sina.

Namba sio jina la spea jamani, hapa ndo watu wanalizwa. P0171 maana yake hewa nyingi petroli kidogo, sasa inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa ina uchafu au pampu imechoka, halafu mtu anatumwa Kariakoo akanunue oksijeni sensa!

P0301 mpaka P0304 ndo rahisi, tarakimu ya mwisho ni silinda inayomisi. Tuseme Toyota IST yako imeleta P0301. Zima gari, injini ipoe, chukua spana namba 10 fungua koili (inayopeleka umeme kwenye plagi) ya silinda ya kwanza, ile ya upande wa mikanda, ibadilishane nafasi na ya silinda ya tatu, futa namba, washa uzunguke kidogo. Ikija P0303 koili ndo mbovu, nunua hiyo moja tu. Ikibaki P0301 hamishia plagi hivyohivyo, bado ikigoma angalia nozeli inayopuliza petroli. Na kama ulipita kwenye maji Jangwani jana yake, chungulia kwanza kwenye shimo la plagi, ukikuta maji yakaushe kabla hujanunua chochote.

Ukishatengeneza ndo ufute, tembelea siku mbili tatu kwenye foleni na kwenye barabara ya wazi, halafu kapime tena hata kama taa haijarudi.