Simu Inayoumiza Macho Usiku: Namna ya Kuirekebisha kwa Programu

Wengi wanaolalamika kwamba simu inawaumiza macho usiku tayari wamefanya kila walichoambiwa. Mwangaza umeshushwa hadi chini kabisa, mandhari meusi yamewashwa, kioo kimegeuzwa rangi ya njano, na bado macho yanawaka na kichwa kinagonga. Kama kioo cha simu yako ni OLED (aina ambayo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe), kuna uwezekano mkubwa kwamba huko kushusha mwangaza ndiko kunakokuchokoza. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kupata giza lilelile kwa njia nyingine, na sehemu kubwa yake haihitaji kufungua wala kuvunja kitu chochote ndani ya simu.

Kwanza uelewe kinachotokea. Ukishusha mwangaza, simu nyingi za OLED hazipunguzi umeme unaoingia kwenye kioo. Zinakiwasha na kukizima haraka haraka, mara 240 kwa sekunde kwa simu nyingi, karibu 480 kwa iPhone nyingi zenye OLED, na 3840 au zaidi kwa baadhi ya simu za Honor. Mafundi wanaiita PWM. Kwa Hz 240, yaani mara 240 kwa sekunde, mzunguko mmoja wa kuwaka na kuzima huchukua takriban milisekunde 4. Mwangaza ukiwa juu, sehemu kubwa ya hizo milisekunde kioo kinawaka. Ukiuvuta chini, muda wa kuwaka unafupishwa mpaka kinabaki kimezimwa muda mrefu kuliko kinavyowaka. Huoni kuzima huko kwa macho, kama usivyoona panga za feni inayozunguka kwa kasi, lakini wapo watu ambao miili yao inahisi.

Kipo kiwango cha IEEE 1789 cha mwaka 2015 (IEEE ni chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme), kilichoandikwa kwa ajili ya taa za LED, ambacho kinasaidia kupima uzito wa jambo hili. Kwa taa inayozima kabisa kila mzunguko, kiwango hicho kinaiweka kwenye hatari ndogo kuanzia Hz 1250, na hakitarajii madhara kuanzia Hz 3000. Sasa linganisha na ile 240.

Kwa hiyo mbinu yetu ni moja: kitelezi cha mwangaza kinabaki juu, mahali ambapo kioo hakizimizimi sana, halafu programu inatia giza rangi zenyewe za picha.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Tafuta simu ya pili yenye kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia. Kwenye simu nyingi utaikuta chini ya jina Pro. Weka shata 1/2000, pandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) mpaka uone picha vizuri. Kwenye simu unayoipima fungua ukurasa mweupe mtupu, mwangaza asilimia 100, kisha iangalie kupitia kamera.

Anza kushusha kitelezi polepole. Mwanzoni utaona weupe uliotulia, pengine na mstari mmoja mwembamba uliopauka unaotembea. Huo usikutishe, ni kioo kinachojichora upya. Endelea kushusha. Mahali fulani mistari meusi itaanza kujipanga, mwanzoni myembamba, kisha inanenepa mpaka kioo kinafanana na pundamilia. Mistari michache minene maana yake kioo kinazima mara chache kwa sekunde, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mistari mingi, myembamba na iliyopauka inavumilika.

Kumbuka mahali pale kwenye kitelezi ambapo mistari ilianza kukolea. Hapo ndipo mpaka wako, na kila kitu kinachofuata kinautegemea. Kama umeshusha hadi chini na hujaona mistari, kama ilivyo kwa vioo vingi vya LCD (aina inayomulikwa na taa kwa nyuma), ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2: Tafuta kama mtengenezaji amekuwekea dawa yake

Fungua Settings, andika kwenye kisanduku cha kutafuta neno "DC" au "flicker". Baadhi ya simu za Xiaomi na OnePlus, kwa mfano, zina chaguo la DC dimming, linalofanya kioo kipunguze umeme badala ya kuwaka na kuzima. iPhone 17 zina Display Pulse Smoothing ndani ya Accessibility. Ukilipata, liwashe, halafu rudia kipimo cha kamera. Usiamini jina la kitufe, amini mistari.

Gharama yake ipo: kwenye mwanga hafifu, rangi ya kijivu inaweza kuonekana na mabaka au kuelekea kijani. Mimi naona ni bei ndogo.

Hatua ya 3: Tia giza kwa programu

Kwenye Android 12 na kuendelea kuna Extra Dim, iko ndani ya Accessibility. Zima kwanza mwangaza unaojirekebisha wenyewe, maana ukiuacha utashusha kitelezi bila kukuuliza na kazi yote itaharibika. Panda na kitelezi hadi juu ya mpaka wako, kisha washa Extra Dim na uongeze ukali wake mpaka macho yatulie.

Kabla hujaenda mbali, washa njia ya mkato ya kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja ili kuiwasha na kuizima. Ukitoka nje juani na kioo kimetiwa giza, hutaona hata mahali pa kugusa. Vitufe hivyo ndivyo vitakavyokuokoa.

Kwa iPhone, nenda Accessibility, kisha Display & Text Size, uwashe Reduce White Point. Ndani ya ukurasa huohuo, chini kabisa, ndipo unapozimia Auto-Brightness. Halafu kwenye Accessibility Shortcut chagua Reduce White Point, ili kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu kuiwashe na kuizima.

Simu ya Android ya zamani inahitaji programu ya kuweka utando mweusi juu ya kioo. Zinafanya kazi, ila chagua kwa uangalifu: programu ya namna hiyo inaomba ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, na hiyo ni ruhusa nzito ya kumpa mtu usiyemjua. Ukiitumia kwenye Android 12 au mpya zaidi na utando ukazidi asilimia 80, mfumo unaweza kuzuia mguso usipenye, vitufe vikaonekana vimekufa. Simu si mbovu, ni ulinzi. Kwenye matoleo hayo baki na Extra Dim.

Hatua ya 4: Amri za adb

Adb ni programu ya kompyuta inayotuma amri kwa simu kupitia waya. Hatua hii ni ya anayetaka kupanga kiwango kwa namba, au ambaye mtengenezaji amemfichia Extra Dim. Kwenye kompyuta pakua Platform Tools kutoka tovuti ya Google ya watengenezaji wa Android na uzifungue kwenye folda. Kwenye simu, gusa Build number (kwa kawaida iko ndani ya About phone) mara 7 ili Developer options ionekane, kisha humo washa USB debugging. Unganisha waya, fungua dirisha la amri ndani ya folda ile, andika:

adb devices

Ukiona neno "unauthorized", angalia kioo cha simu: kuna swali linasubiri ukubali. Likishageuka "device", endelea:

adb shell settings put system screen_brightness_mode 0
adb shell settings put system screen_brightness 170
adb shell settings put secure reduce_bright_colors_activated 1
adb shell settings put secure reduce_bright_colors_level 60

Mstari wa kwanza unazima mwangaza wa kujirekebisha. Wa pili unapanga mwangaza wa kioo. Kwenye simu nyingi kipimo kinaishia 255, kwa hiyo weka namba inayolingana na mpaka uliouona kwenye kamera. Miwili ya mwisho inawasha giza la programu na kulipa ukali: namba ikikua, giza linaongezeka. Panda kwa 10 kumi, si zaidi. Ukizidisha, vivuli kwenye picha vitamezwa na weusi, na anga litaonekana limekatwa vipande vipande vya rangi.

Kwenye simu za Xiaomi amri hizi zinaweza kukataliwa mpaka uwashe pia chaguo la pili la USB debugging, lile la Security settings. Kuliondoa giza hilo la programu, rudia amri ya tatu ukiweka 0 badala ya 1.

Kama kioo chako hubadilisha kasi ya kujichora upya kati ya Hz 60 na 120 na usiku unaona weupe ukirukaruka kidogo unapogusa na kuacha, kifunge kwenye kasi moja kupitia mipangilio ya kioo. Kwenye simu nyingine hilo peke yake hupunguza kero.

Hatua ya 5: Maandishi kwanza, rangi baadaye

Kuza herufi. Watu wanalipuuza hili wakikimbilia vichujio vya mwanga wa bluu, ilhali herufi ndogo ndizo zinazokufanya usogeze simu karibu na uso, na misuli ya jicho inakaza saa nzima. Unaweza kukuza kwa mipangilio ya kawaida au kwa amri:

adb shell settings put system font_scale 1.15

Kuhusu rangi ya njano, iwashe ikikupendeza, lakini usiitegemee kwa maumivu. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani, American Academy of Ophthalmology, kinasema uchovu wa macho hautokani na mwanga wa bluu wa vioo. Kinachochosha zaidi ni kukodoa bila kupepesa, jicho likakauka. Ndiyo maana ushauri wao wa kila dakika 20 kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20 una maana hata kwenye simu iliyorekebishwa vizuri.

Mandhari meusi nayo hayamfai kila mtu. Mwenye astigmatizimu (jicho ambalo uso wake haukupinda sawasawa) mara nyingi huona herufi nyeupe juu ya weusi zikisambaa na kuwa na ukungu. Kama ni wewe, rudi kwenye mandhari meupe ukiwa umetia giza kwa Extra Dim. Utasoma vizuri zaidi.

Kuhusu kuroot

Kuroot ni kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu. Zipo kernel (viini vya mfumo) za baadhi ya simu zinazolazimisha DC dimming. Sizipendekezi kwa mtu ambaye hii ndiyo simu yake pekee. Kufungua bootloader (programu inayoanzisha mfumo simu inapowashwa) kunafuta kila kitu kilichomo, programu za benki zinaweza kukataa kufunguka, na kernel isiyolingana na kioo chako inaweza kuharibu rangi zote. Ukiwa na simu ya akiba na muda, ni jambo jingine.

Maumivu yakiendelea hata mchana ukiwa mbali na simu, au ukiona vitu viwili viwili, au vimulimuli kwenye pembe za macho, nenda kwa daktari wa macho. Vimulimuli usivisubirishe hata siku moja.

Mwisho, kila simu ikipokea toleo jipya la mfumo, rudia kipimo cha kamera siku hiyohiyo. Masasisho yanaweza kuwasha tena mwangaza wa kujirekebisha au kubadilisha mahali mistari inapoanzia, na mpaka wako wa zamani hautakuwa sahihi tena. Hifadhi zile amri nne kwenye faili moja ili kazi iwe ya dakika moja.