Peugeot 504 ya zamani au Noah? Zilinganishe hivi kabla hujatoa pesa

Barazani kila siku ubishi ni huo huo, huyu 504 ngumu haifi, yule Noah ndo gari la familia, na hakuna hata mmoja alolala chini akatizama uvunguni. Sie watu wa visiwani Zanzibar tunaanzia huko, kwenye kutu, injini baadae.

504 imetoka 1968 na haina chesisi ya peke yake, bodi lenyewe ndo linabeba kila kitu, kwa hiyo sakafu na vizingiti vya milango vikishaliwa na chumvi gari limekwisha hata kama injini inanguruma vizuri. Chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa usije ukakwaruza rangi, ipitishe taratibu chini ya milango na kwenye matao ya matairi, pale inapokataa kunata ujue hapo ni pati tu ya kuzibia mashimo, bati hakuna. Halafu nyanyua kapeti ubonyeze sakafu kwa kidole gumba, ikibonyea hiyo iache. Noah nayo ipekue vivo hivo, kumeremeta kusikubabaishe, tizama hasa reli ya mlango wa kusukuma maana mchanga wa pwani hujaa humo mlango ukawa unakwama kwama.

Injini sasa. 504 nyingi ni za kabureta, plagi na pointi, fundi mtu mzima pale Mwanakwerekwe anaimaliza kwa spana na bisibisi, tabu iko kwenye kupata vitu kama kioo cha mbele, taa na raba za milango, ulizia kabla sio ushanunua. Noah za 2001 mpaka 2007 nyingi zina ile D-4, petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, mafuta machafu haitaki kabisa, ila spea zake hutafuti kwa tochi.

Ulaji wa mafuta usimuulize muuzaji. Jaza tenki mpaka pampu ikate, nenda Nungwi urudi, jaza tena pampu ile ile, kilomita ulizokwenda gawa kwa lita ulizoongeza. Njia moja, abiria idadi moja, na Noah washa AC kwani ndo utakavoiendesha kweli. Wa Pemba chukueni vilima vya Chake mpaka Wete.

Wazee watakwambia 504 imeshinda Safari Rally 1975 na 1978, kweli, lakini zile zilikuwa na timu ya kiwanda nyuma yake, hii unayouziwa imelala chini ya mwembe.

Mie kwa watoto wa skuli kila asubuhi nachukua Noah, 504 haina eabegi wala ABS, zile breki zisokaza matairi yakaserereka. Ya kutokea Ijumaa, kama sakafu nzima, 504 bila ya kufikiri mara mbili.

Mwisho namba ilogongwa kwenye bodi na ya injini zilingane na kadi, na kama kutu ishakula tarakimu muuzaji akalimalize hilo kwanza kwa jina lake, pesa zikae kwako.